Gitaa Kavu au Gitaa la Umeme: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza Kujifunza Mjini Lubumbashi

Mtu anayetafuta gitaa lake la kwanza mjini Lubumbashi huuliza bei kwanza, rangi baadaye, na aina ya gitaa huja kuiuliza akiwa ameshalipa. Ningependa mpangilio huo ugeuzwe. Gitaa kavu, yaani lile linalotoa sauti kwa mbao zake lenyewe, na gitaa la umeme yana nyuzi sita zenye majina yaleyale kuanzia uzi mnene hadi mwembamba, mi, la, re, sol, si, mi, na akodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, uliyojifunza kwenye moja hushikwa vivyo hivyo kwenye jingine. Hata hivyo mkono unaolelewa na gitaa kavu si ule unaolelewa na gitaa la umeme, kwa kuwa la kwanza humdai mwanafunzi nguvu, na la pili humdai usafi. Mwongozo huu unaeleza tofauti hiyo inatoka wapi, kisha unakupitisha hatua kwa hatua katika kuchagua, kupima, kununua na kuanza mazoezi. Nasema mapema kwamba wanafunzi wengi mimi huwaelekeza kwenye gitaa kavu la nyuzi za chuma, lakini si wote, na sababu za kuwatoa wengine zitaonekana njiani.

Sauti inazaliwa wapi

Uzi peke yake ukipigwa hausukumi hewa ya kutosha kusikika mbali. Kwenye gitaa kavu mtikisiko wa uzi hupita kwenye daraja, yaani kile kipande kilichogundishwa juu ya ubao ambako nyuzi zinaishia, ukaingia katika ubao wa juu, na ubao huo mpana na mwembamba ndio unaoitikisa hewa ya chumba. Sanduku na tundu lake husaidia hasa sauti nzito. Kwa sababu hiyo, kila jambo linaloupata ubao huo, uwe ni ufa, unyevu au ukavu, husikika.

Kwenye gitaa la umeme mwili wa mbao mara nyingi ni mzito na hauna uwazi ndani, na kazi ya kuipokea sauti imepewa vipokezi vilivyo chini ya nyuzi, ambavyo wapigaji wetu huviita mikro. Mikro ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba kwa maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma unapotikisika juu yake huubadilisha uga wa sumaku, na badiliko hilo huzaa umeme mdogo sana ndani ya waya, ambao husafiri kwenye kebo hadi kwenye ampli, ukakuzwa na kutolewa na spika. Mkazi wa mji ulioota juu ya shaba anaruhusiwa kutabasamu hapa. Wala gitaa kavu halikosi shaba, kwani nyuzi zake nene huzungushiwa waya wa bronzi, na sehemu kubwa ya bronzi ni shaba.

Maelezo hayo yana matokeo ambayo mwanafunzi hukutana nayo siku ya kwanza. Nyuzi za nailoni haziamshi sumaku, hivyo gitaa la umeme hutumia chuma tu. Tena, gitaa kavu hutoa sauti kubwa kwa kadiri ya nguvu ya mkono, lakini kwenye la umeme ukubwa wa sauti hutoka kwenye kitufe, na kila kitu kinachogusa nyuzi hukuzwa pamoja na noti, iwe ni kucha iliyokwaruza, uzi wa jirani uliosahauliwa ukilia, au kidole kilichoinuliwa ovyo. Ndiyo maana mtu aliyezoea gitaa kavu kwa miaka mitatu anaweza kushika la umeme akashangaa kwamba anapiga vibaya.

Hatua ya kwanza: jiulize unataka kupiga nini

Katanga ina shule yake ya gitaa kavu. Jean Bosco Mwenda, mtu wa Bunkeya, alirekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 huko Jadotville, mji ambao leo ni Likasi, akipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada: gumba likitembea na besi kwenye nyuzi nene, shahada ikiimbisha nyuzi nyembamba, hata msikilizaji akadhani wameketi wapigaji wawili. Edouard Masengo alikuwa wa njia hiyohiyo. Anayetaka muziki huo, au anayetaka kuimba huku akijisindikiza mwenyewe nyumbani na kwenye matanga, hana sababu ya kuanza na jambo jingine zaidi ya gitaa kavu.

Rumba ya Kinshasa, kwa upande wake, ilikomaa pamoja na gitaa la umeme mikononi mwa watu kama Franco na Docteur Nico, ikagawa kazi kati ya magitaa kadhaa: mmoja hushika akompanyema, yaani akodi za kusindikiza, mwingine mi-solo, gitaa la kati, mwingine solo, gitaa linaloongoza, na besi chini yao. Sebene, ile sehemu ya wimbo ambapo magitaa hutawala na watu hucheza, hupigwa sana juu shingoni, karibu na mwili wa gitaa, na hapo ndipo maumbo ya magitaa haya hutofautiana waziwazi. Gitaa kavu la nyuzi za chuma kwa kawaida huungana na mwili kwenye freti ya 14 (freti ni vile vijiti vya chuma vinavyokata shingo), na lile la nailoni kwenye freti ya 12, hivyo mkono hugonga sanduku mapema. La umeme lina freti 21 hadi 24, na mwili wake hukatwa ili vidole vifike karibu na mwisho.

Kijana ambaye tayari amepokelewa katika kwaya yenye ampli na ngoma, na ambaye anatakiwa kushika akompanyema baada ya miezi michache, anunue gitaa la umeme moja kwa moja. Yapo madai ya wazee wa gitaa kwamba kila mtu lazima ateseke kwanza kwenye gitaa kavu. Nimefundisha wa namna zote mbili na sijaona kwamba mateso hayo yanamfanya mtu awe hodari zaidi kwenye jukwaa la kanisa.

Hatua ya pili: itazame nyumba utakayopigia

Gitaa la umeme linahitaji ampli, na ampli inahitaji umeme ambao katika mitaa yetu huja na kuondoka. Mwanafunzi wa Katuba au Ruashi ambaye mtaa wake hupata umeme usiku wa manane tu atafanya mazoezi kwa saa chache kwa juma kama anategemea ampli ya kuchomeka ukutani. Zipo ampli ndogo za betri, nyingine za ukubwa wa pakiti ya biskuti, na hizo zinafaa kabisa kwa mazoezi. Kwa upande mwingine, gitaa la umeme lisilochomekwa popote hutoa sauti ndogo inayomtosha mpigaji mwenyewe, jambo ambalo ni neema katika parseli, yaani kiwanja kimoja cha makazi, yenye familia nne na mtoto mchanga. Gitaa kavu haliwezi kunyamaza hivyo. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa akipigia ndani ya kabati la nguo lililofunguliwa milango, kichwa kikiwa kati ya makoti, mpaka yaya yake, yaani ndugu yake mkubwa, akamnunulia la umeme ili watu wa nyumbani walale.

Hatua ya tatu: vielewe vidole vyako vitakutana na nini

Maumivu ya majuma ya mwanzo hutokana na mambo mawili: mkazo wa nyuzi, na kimo cha nyuzi juu ya shingo. Seti nyepesi ya nyuzi za chuma za gitaa kavu, ambayo uzi wake wa kwanza una unene wa milimita 0.30 hivi, huvuta kwa jumla takriban kilo 70. Seti za kawaida za gitaa la umeme huanza na uzi wa milimita 0.23 au 0.25 na kuvuta kati ya kilo 40 na 50 hivi. Nailoni nayo huvuta karibu kilo 40, na kwa kuwa ni nene na laini haikati ngozi, lakini shingo ya gitaa lake ni pana, milimita 52 hivi upande wa kichwa cha gitaa, wakati magitaa ya chuma na ya umeme yana 42 hadi 44. Mkono mdogo wa mtoto hufurahia ulaini wa nailoni na kulalamikia upana wake, kwa hiyo mlete mtoto mwenyewe alishike kabla ya kulipa.

Hapa nina onyo ambalo ningelipigia kengele. Usiweke kamwe nyuzi za chuma kwenye gitaa lililotengenezwa kwa nailoni. Tofauti ya kilo 30 za mvuto haionekani kwa macho siku ya kwanza. Nilifanya hivyo nikiwa kijana, kwa kuwa nyuzi za chuma ndizo nilizozipata sokoni, na gitaa likalia vizuri kwa juma moja. Usiku mmoja wa Oktoba wenye joto nikasikia mlio kama mlango uliopigwa teke, nikawasha taa na kulikuta daraja limeng'oka pamoja na vipande vya ubao, likining'inia kwenye nyuzi.

Hatua ya nne: pima kwa kadi za benki

Kimo cha nyuzi ndicho kinachowakatisha tamaa wanaoanza kuliko jambo jingine lolote, na wengi hudhani ni udhaifu wao. Ili kukipima huhitaji kifaa cha fundi. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76. Linganisha kwanza sauti za nyuzi, kwa sababu nyuzi zilizolegea hudanganya, kisha weka kadi juu ya freti ya 12, chini ya uzi mnene kuliko zote, bila kuusukuma uzi juu. Kwenye gitaa kavu la chuma lililo katika hali nzuri, kadi tatu, yaani milimita 2.3 hivi, hupita zikiugusa uzi kidogo. Kwenye gitaa la umeme kadi mbili, yaani milimita 1.5, zinatosha. Kwenye nailoni, kadi nne hadi tano ni kawaida. Ikiwa gitaa kavu la chuma linameza kadi tano huku uzi ukibaki huru, liache, au kubali kulinunua kwa bei ambayo imeshaondoa gharama ya fundi.

Baada ya hapo angalia shingo. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya 1 kwa mkono mmoja na kwenye freti ya 14 kwa mkono mwingine, ili uzi uwe rula yako, kisha tazama katikati, karibu na freti ya 7. Panapaswa kuwa na mwanya mdogo sana, kama unene wa karatasi moja au mbili. Mwanya mkubwa maana yake shingo imejipinda mbele. Magitaa mengi ya chuma na ya umeme yana fimbo ya chuma ndani ya shingo inayokazwa kwa ufunguo ili kuinyoosha. Uliza kama ipo na kama bado inazunguka, lakini usiizungushe mwenyewe mbele ya muuzaji.

Hatua ya tano: mbele ya muuzaji

Magitaa yanayouzwa hapa, mengi yakiwa yamepitia mpaka wa Kasumbalesa juu ya malori, huwa yamekaa kwenye joto na vumbi kwa majuma, kwa hiyo upya wa rangi si ushahidi wa lolote. Kwa gitaa kavu, chukua ukingo wa karatasi ujaribu kuuingiza chini ya daraja upande wa nyuma. Ukiingia, gundi imeanza kuachia. Weka jicho usawa wa ubao na uangalie kama umevimba nyuma ya daraja. Uvimbe mdogo ni wa kawaida kwa gitaa lililofanya kazi, ila ule unaoonekana kama mgongo wa kobe ni ugonjwa. Gonga sanduku kwa kidole pande zote ukisikiliza mtetemo wa kitu kilicholegea ndani.

Kwa gitaa la umeme, usinunue bila kulichomeka. Muuzaji akisema ampli yake haipo, mwambie utarudi ikiwepo. Likiwa limechomekwa, gonga kwa upole kila mikro kwa kitu kidogo cha chuma usikie "toku"; mikro isiyojibu imekufa au waya wake umekatika. Zungusha kila kitufe polepole. Mkwaruzo kidogo husafishika, lakini sauti inayopotea kabisa na kurudi ni kazi ya fundi. Itikise kebo mahali inapoingia kwenye gitaa. Utasikia pia mngurumo mwembamba usioisha kwenye magitaa yenye mikro za koili moja, yaani fungu moja la waya uliozungushwa; huo ni umeme wa ukutani wa hezi 50 unaonaswa na koili, na hauonyeshi ubovu. Mikro zenye koili mbili zimeundwa ili koili moja iufute mngurumo wa mwenzake.

Kuhusu ampli, soma kibandiko cha nyuma kabla ya kusikiliza sauti yake. Umeme wetu ni wa volti 220, Marekani ni 120, na Japani ni 100, na ampli zilizotumika huja kutoka kila upande. Ampli yangu ya kwanza niliinunua kwa mtu aliyeniapia kwamba ameitumia nyumbani kwake mwaka mzima. Ilikaa imewaka kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, ikatoa harufu ya plastiki na moshi mwembamba wa buluu, na nilipoigeuza nikaona maandishi ya volti 120 yakiwa wazi kabisa mahali ambapo sikuwa nimetazama.

Kwa aina zote mbili, hitimisha kwa kupiga uzi ukiwa umebonyezwa kwenye freti ya 12 na kulinganisha na noti yake ukiwa wazi, kwa msaada wa programu ya simu. Noti ya freti ya 12 inapaswa kuwa ileile, oktava moja juu. Ikipotoka sana, akodi zitakuwa chungu juu shingoni hata ufanyeje. Kwenye gitaa la umeme kasoro hiyo hurekebishwa kwa bisibisi darajani, wakati kwenye gitaa kavu humlazimu fundi kuchonga.

Hatua ya sita: gawanya pesa zako

Bei ya gitaa kavu inakaribia kuwa bei yote: ongeza seti ya nyuzi na mfuko. Bei ya gitaa la umeme ni nusu ya safari, kwani kuna ampli na kebo, na kebo za bei ya chini kabisa hukatika ndani bila kuonekana nje. Kwa pesa zilezile utapata gitaa kavu bora zaidi kuliko la umeme pamoja na vyombo vyake, na hii ndiyo sababu kubwa ya ushauri wangu wa kawaida. Lipo pia gitaa kavu lenye kipokezi darajani na betri ya volti 9, linaloweza kuchomekwa kanisani. Linafaa, lakini halitoi sauti ya gitaa la umeme, na anayelinunua akitarajia sebene atasikitika.

Hatua ya saba: majuma sita ya kwanza

Dakika 15 mara mbili kwa siku zinajenga ngozi ya vidole vizuri kuliko saa mbili za Jumamosi. Kwenye gitaa kavu, bonyeza uzi karibu kabisa na freti, upande wa nyuma yake, kisha punguza nguvu kidogo kidogo hadi noti ianze kukwaruza, halafu rudisha kiasi kidogo tu. Hicho ndicho kipimo cha nguvu unachohitaji, na karibu kila anayeanza hutumia mara mbili yake. Juma la kwanza fanya akodi mbili tu, la minor na mi minor, ukihama kati yake huku gumba la kulia likipiga besi peke yake kwa mwendo usiobadilika. Shahada iongezwe juma la tatu, gumba likishakuwa halimsubiri mtu. Wimbo ukishuka chini ya uwezo wa sauti yako ya kuimba, kipande cha penseli kilichofungwa kwa mpira shingoni hufanya kazi ya kupandisha ufunguo bila kubadilisha maumbo ya vidole.

Kwenye gitaa la umeme, fanya mazoezi hayohayo ya mkono wa kushoto bila kuchomeka, lakini kila siku chomeka angalau dakika tano ujifunze kuzima nyuzi. Laza ubavu wa kiganja cha kulia karibu na daraja, piga uzi wa tatu peke yake, na hakikisha nyuzi nyingine tano zimekufa kabisa. Weka sauti safi, bila mkwaruzo wa makusudi wa ampli, kwa sababu mkwaruzo huo huficha makosa na mtu huja kuyagundua kwenye rekodi.

Kiangazi na mvua

Lubumbashi iko kwenye kimo cha mita 1,200 hivi, na kuanzia Mei hadi Septemba hewa yake hukauka sana, asubuhi za Juni na Julai zikiwa na baridi ya kweli. Gitaa kavu huteseka katika kipindi hicho: ubao hunywea, nyuzi hushuka hadi zikaanza kugongana na freti, na ncha za freti hutokeza pembeni ya shingo zikakwaruza mkono. Mvua zikirudi, ubao huvimba na nyuzi hupanda. Weka sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa vizuri ndani ya kibweta cha sabuni chenye matundu, uiache mfukoni pamoja na gitaa, na uiloweshe tena kila baada ya siku tatu au nne. Maji yasidondoke kwenye mbao. Mvua zikianza, itoe. Gitaa la umeme halina ubao mwembamba wa kupasuka, lakini shingo yake nayo ni mti, hivyo pima tena kwa kadi mwanzoni mwa Juni na mwanzoni mwa Desemba.

Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, na unapozibadilisha toa moja na kuweka moja badala ya kuzikata zote kwa pamoja, ili shingo isilegezwe ghafla. Uzi mpya hulegea kwa siku mbili tatu za mwanzo, kwa hiyo usiubadilishe Jumamosi usiku kama Jumapili asubuhi unapiga kwenye kwaya.